Nani Hulipia Usiku wa Buhigwe?

Daftari la lindo la kijiji ni daftari la kawaida la shule. Katibu wa ulinzi huchora mistari kwa rula: jina, kitongoji, tarehe ya zamu, sahihi. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Safu ya mwisho ni ya faini. Asiyetokea zamu yake hutoa fedha, au kuku, au huongezewa usiku mwingine. Anayetaka kujua gharama halisi ya usalama katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Buhigwe hadi Kasulu na Kibondo, aanzie kwenye madaftari ya aina hii. Vitabu vya halmashauri havitamweleza mengi.

Na hili linauma, kwa sababu sheria haikusahau. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inapotaja kazi za halmashauri ya wilaya katika kifungu cha 111, huanza na kudumisha amani, utulivu na utawala bora. Ustawi wa jamii na uchumi hufuata baadaye. Chini ya halmashauri hiyo, kila halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama, sambamba na ile ya fedha na ile ya huduma za jamii. Kazi imeandikwa, wa kuifanya wametajwa. Kilichokosekana miaka yote ni fungu.

Zamani za bami, watawala wa jadi wa Buha, nchi ya Waha, ulinzi na maisha ya pamoja havikutenganishwa. Kila mwami alikuwa na watwale, machifu wadogo waliokuwa chini yake, na kwenye ardhi alikuwepo mteko, mtu wa mila aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba na kuujua ukoo wa kila mtu. Shauri lilisikilizwa hadharani na pombe ya ndizi ilikuwa sehemu yake. Gharama zilibebwa na waliohusika pamoja na majirani zao.

Waingereza ndio walioleta kasha la fedha. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, enzi ya Gavana Donald Cameron, iliwafanya machifu kuwa watendaji wa serikali, na hazina za wenyeji zikaanza kulipa mishahara ya machifu, makarani wa mabaraza na matarishi. Fedha zilitoka kwenye kodi. Kodi yenyewe iliwatoa vijana wa Kiha milimani kwenda kukata mkonge Tanga, na tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU iliwaandikisha kwa mikataba na kuwasafirisha. Hao ndio manamba. Ni vigumu kwangu kuitazama hazina ile bila kuona hesabu yake ya pili: kijiji kilitozwa kwa ajili ya utawala na utulivu, kisha kikabaki bila vijana ambao wangekesha.

Baada ya Uhuru madaraka ya machifu yalifutwa, na mwaka 1963 enzi ya bami ikaisha kiserikali. Chama cha TANU kikaweka mabalozi wa nyumba kumi. Katika Buha ya wakati huo nyumba kumi hazikuwa karibu karibu. Kila kaya ilikaa kilimani kwake katikati ya migomba, na balozi aliyetaka kuzungukia watu wake alipanda na kushuka siku nzima.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwaka huo Operesheni Kigoma ilianza kuwahamisha watu kutoka vilimani na kuwapanga kandokando ya barabara katika vijiji vya ujamaa. Mwaka huohuo serikali ilivunja halmashauri za wilaya na kazi zake zikahamia kwa watendaji wa serikali kuu. Na mwaka huohuo mauaji ya Burundi yaliwamwaga wakimbizi kwa maelfu katika mpaka wa Kigoma. Watu walisogezwa pamoja kuliko wakati wowote katika historia yao, wageni wenye hofu walikuwa wanaingia, na chombo cha mitaa ambacho kingepanga bajeti ya kuishi pamoja kikaondolewa. Pengo hilo lilikaa zaidi ya miaka kumi, kwa maana halmashauri za wilaya zilirudi rasmi Januari 1984. Naamini mazoea ya kuuachia usalama mfuko wa mwananchi yaliota mizizi hapo.

Kilichojaza pengo kilitoka nje ya Kigoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulizidi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, na wanakijiji wa Kahama na Nzega wakaunda sungusungu. Jeshi hilo la jadi likaenea mikoa mingi. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kulipa nguvu ya kukamata. Lilipewa madaraka, ila mshahara haukufuata. Rungu, filimbi na tochi vilitoka nyumbani kwa mlinzi.

Halmashauri zilizorudi zilikuja na kodi ya maendeleo, na hapo mgambo akageuka sura. Badala ya kuonekana usiku akilinda, alionekana mchana kwenye kizuizi cha njia ya gulio akiwadai wanaume risiti za kodi. Waliokosa walikimbilia mashambani. Ni vigumu kijana kumpigia yowe la msaada mtu aliyemkimbiza wiki iliyopita. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, nafuu kubwa kwa maskini, lakini halmashauri zikapoteza chanzo cha mapato na kutegemea zaidi ruzuku kutoka juu.

Wakati huo huo fedha za ulinzi zilikuwepo Kigoma, nyingi tu, ila zilikuwa za mahali pengine. Wakimbizi wa Burundi walijaa tena tangu 1993, Wakongo wakafuata, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Kibondo ilikuwa na kambi kadhaa, zikiwemo Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Mkugwa. Kasulu ilikuwa na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Kuanzia 1998, kwa makubaliano na serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liligharimia polisi wa Tanzania zaidi ya 200 kulinda kambi hizo: posho, magari, mafuta, redio za mawasiliano. Ndani ya kambi wakimbizi wenyewe walikesha wakijiita sungusungu.

Siwaonei wivu wakimbizi. Walikuwa wamekimbia vifo. Lakini kwa miaka mingi mabasi ya barabara ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki, na vijiji vya kando ya barabara hiyohiyo vililala kwa kutegemea filimbi. Mpango ule ulithibitisha kwamba ulinzi una bei, na kwamba bei hiyo ikilipwa kazi inafanyika.

Mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilianza kuhimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Wazo lake lilikuwa sahihi: mhalifu hujulikana kwanza na jirani. Buhigwe, iliyokatwa kutoka Kasulu na kuwa wilaya mwaka 2012 ikiwa na watu zaidi ya 250,000, ilihitaji jambo hilo kuliko wengi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, ndoa huvuka mpaka, na gulio la Manyovu huwakutanisha watu wa pande mbili. Septemba 2013 ilipokuja Operesheni Kimbunga ya kuwasaka wahamiaji haramu na majambazi katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, aliyeweza kusema huyu ni Muha wa hapa na yule ni mgeni ni mtu anayekaa na wenzake, si karatasi.

Kukaa na wenzake nako kunagharimiwa. Halmashauri zetu zinajua hivyo, kwani kila mwaka hupokea Mwenge wa Uhuru. Tangu Luteni Alexander Nyirenda aupandishe Kilimanjaro Desemba 1961, hakuna hafla iliyowakusanya watu wa vijijini kama mkesha wa Mwenge: ngoma, kwaya, mama lishe, vijana wanaocheza mpaka alfajiri. Mafuta, jukwaa na vipaza sauti hupatikana, kwa bajeti na kwa michango. Ni usiku mmoja. Mechi za kugombea mbuzi kati ya vitongoji, ambazo huwakutanisha vijana walewale wanaotakiwa kwenye lindo, husubiri hisani ya mfanyabiashara au mgombea.

Wengine wametafuta njia. Mwaka 2013 Kenya iliiga nyumba kumi za Tanzania baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi. Mbali zaidi, mji wa Seattle nchini Marekani ulianzisha mwaka 1988 mfuko unaowalipia majirani miradi na shughuli za mitaa yao kwa sharti la kuchangia sehemu yao, na saa za kujitolea huthaminiwa kwa fedha. Sisi tayari tunafanya hivyo kwa madarasa na zahanati: tofali, mchanga na maji huandikwa kuwa nguvu za wananchi, na serikali huleta bati. Lindo halijawahi kupata heshima hiyo, ingawa mlinzi wa usiku naye huamkia jembe.

Leo halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo lililowekwa kisheria mwaka 2018. Kabla ya hapo mengi yalitegemea hiari, na ilipokuwa sheria madiwani walipata pa kushikia. Lindo nalo linahitaji pa kushikia, na bajeti ya wilaya huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla haijafika kwa madiwani. Mwenyekiti wa kitongoji aende na daftari la lindo kwenye mkutano huo, asome hadharani usiku uliokeshwa mwaka mzima, kisha muhtasari uandikwe kwa kutaja vitu kwa majina: tochi na betri zake, makoti ya mvua ya masika, filimbi, simu moja yenye salio, mipira miwili na mbuzi wa mshindi.