Kisanduku cheupe kwenye nembo: Jinsi uwazi wa picha unavyopotea katika video

NEMBO iliyochorwa kwa ustadi huweza kuonekana safi kabisa kwenye kompyuta ya mchoraji, kisha ikaingia katika video ikiwa imezungukwa na kisanduku cheupe au cheusi. Katika video ya harusi au ya mazishi, ambako majina huwekwa juu ya picha za watu, kisanduku hicho huziba nyuso ambazo familia ililipa zihifadhiwe. Lawama huangukia programu ya kuhariri, ilhali mara nyingi uwazi huwa umepotea kabla faili haijamfikia mhariri.

Asili ya jambo hili ni hesabu. Picha ya kawaida ya kompyuta huhifadhi, kwa kila pikseli, viwango vitatu vya rangi: nyekundu, kijani na buluu. Kati ya 1977 na 1978, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa New York Institute of Technology nchini Marekani, waliongeza kiwango cha nne kisicho rangi, wakakiita alfa. Hicho hueleza pikseli inaziba kwa kiasi gani kilicho nyuma yake. Katika faili ya kawaida, 0 ni uwazi mtupu na 255 ni kuziba kabisa. Thamani za katikati ndizo zinazolainisha kingo za herufi na kukifanya kivuli kififie.

Si kila aina ya faili iliyo na nafasi ya kiwango hicho. JPEG haina, nembo ikihifadhiwa humo, sehemu zilizokuwa wazi hujazwa rangi, kwa kawaida nyeupe, na kuibadilisha tena kuwa PNG hakurejeshi kilichopotea. GIF hutambua pikseli iliyo wazi au isiyo wazi tu, hivyo kingo hutokea na meno kama ya msumeno. PNG, iliyoidhinishwa mwaka wa 1996, hubeba alfa kamili, nayo ndiyo faili ya kumwomba mchoraji.

Hata hivyo, njia ya kuituma nayo ina hatari yake. Nembo nyingi siku hizi hupitia WhatsApp, na picha inayotumwa humo kama picha hubanwa na kugeuzwa kuwa JPEG. Ikitumwa kama hati, hufika kama ilivyotoka. Aidha, kuna picha za intaneti zenye vijiraba vya kijivu na vyeupe mfano wa ubao wa drafti. Vijiraba hivyo ni ishara ya uwazi ndani ya programu za kuchora, lakini katika picha nyingi za kupakuliwa vimechorwa kabisa kama rangi, na mhariri huletewa drafti badala ya uwazi.

Kasoro iliyo ngumu zaidi kuitambua ni ukingo mweusi mwembamba unaozizunguka herufi ingawa kisanduku hakipo. Mwaka wa 1984, Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walieleza utaratibu ambamo rangi huhifadhiwa ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa. PNG haifanyi hivyo. Rangi yake huachwa nzima. Faili za OpenEXR kwa desturi hufanya hivyo. Programu isipojua imepokea aina ipi, hukosea hesabu. Chukua ukingo wa herufi nyeupe wenye uwazi wa nusu: rangi yake ya 255 imekwisha kupunguzwa hadi takriban 128. Programu ikizidisha kwa nusu mara ya pili, hubaki 64. Juu ya mandhari meupe, ukingo ambao ungepotea machoni huwa wa kijivu. Kosa la kinyume chake huleta ukingo unaong'aa kupita kiasi.

Kuchora nembo upya kwa sababu hiyo ni kupoteza muda. After Effects na DaVinci Resolve zina mahali pa kuchagua jinsi alfa ya faili itakavyosomwa, na kubadilisha chaguo hilo huondoa ukingo.

Michoro inayosonga, kama vile jina linaloingia kutoka pembeni, ina sharti jingine. Ikitolewa kama MP4 ya H.264, aina izoeleka kuliko zote, uwazi hautoki nayo. Apple ProRes 4444 huubeba, na tarakimu yake ya mwisho inahusu alfa hiyo. ProRes 422 haiubebi. Asiye na ProRes anaweza kutoa mfululizo wa picha za PNG: sekunde 10 kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde ni faili 250, mzigo unaostahimilika kwa kazi fupi. Uwazi huu unahitajika wakati wa kuhariri tu. Video iliyokamilika, ambamo nembo imekwisha kuungana na picha, inaweza kutolewa kama MP4 bila hasara yoyote kwa nembo.

Kabla ya kuanza kazi, inafaa kuweka nembo juu ya tabaka la rangi kali, kama nyekundu, kisha juu ya nyeusi na nyeupe. Kisanduku cheupe hakionekani juu ya nyeupe, wala ukingo mweusi juu ya nyeusi, na ndiyo maana nembo iliyojaribiwa juu ya rangi moja tu huja kumwaibisha mhariri mbele ya mteja.