Trekta la Ukubwa Gani? Majibu ya Kongwa, Isimani na Chekereni

Udongo wa Kongwa, mkoani Dodoma, ukinyeshewa hulainika, jembe likapita na mtama ukaota. Mvua ikikata, jua la Ugogo huukausha mpaka ukawa mgumu kama tofali. Wagogo walilijua hilo kwa vizazi vingi. Walilima vipande vidogo vya mtama na uwele, wakawekeza akiba yao kwenye ng'ombe. Mwaka 1947 waliona wageni wakishuka na mashine ambazo nchi ile haijapata kuziona, wakitaka kuufanya udongo uleule uzae karanga.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipeleka wazo serikalini, na mwaka 1946 John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe wa kukagua ardhi. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache ukarudi na mpango wa kusafisha na kulima zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka 6. Sehemu kubwa ya ekari hizo ingekuwa Tanganyika, kwenye maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nani angelima eneo lote hilo? Jibu la wakubwa lilikuwa moja: trekta, na liwe kubwa kadiri inavyowezekana.

Matrekta mapya hayakuwepo, kwa sababu viwanda vilikuwa bado vinajinasua kutoka kazi za vita. Yakanunuliwa mabuldoza na matrekta chakavu yaliyoachwa na majeshi, mengine yakitoka Ufilipino. Kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru aina ya Sherman kikavigeuza kuwa matrekta ya minyororo, yakaitwa Shervick. Kufyeka pori kulifanywa kwa kuunganisha mashine mbili kwa mnyororo wa nanga ya meli na kuzitembeza sambamba, mnyororo ukiangusha kila kilichosimama katikati. Miti ililala, lakini mizizi ilibaki ardhini, na mizizi hiyo ndiyo iliyovunja na kupinda majembe ya plau. Jembe lililonusurika mizizi lilikutana na mfinyanzi uliokauka. Mashine zilikuwa za aina nyingi, spea ya hii haiingii kwenye ile, na mafundi walikuwa wachache. Hata karanga zilizokubali kuota zilikuwa na shida yake: karanga hukomaa ndani ya ardhi, na ardhi ikishagangamala kuzing'oa ni vita vingine.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo. Zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea.

Kongwa husimuliwa kama kisa cha mashine kuharibika, na hapo ndipo somo lake linapopotea. Mashine ziliharibika kwa sababu ukubwa wake uliamuliwa kwa kutazama ramani na hesabu ya ekari. Swali la nguvu kiasi gani itahitajika kuupasua udongo ule mwezi wa Agosti halikupewa uzito, wala la siku ambazo huwa unalimika kwa mwaka. Maswali hayo mawili, la udongo na la siku, ndiyo yaliyoamua hatima ya kila trekta lililoingia nchini baadaye.

Mwaka uleule wa 1946 ujumbe wa Wakefield ulipokagua ardhi, jijini Coventry, Uingereza, lilianza kutengenezwa trekta lililotokana na fikra tofauti kabisa. Harry Ferguson, mtoto wa mkulima kutoka kaskazini mwa Ireland, alikuwa amesumbuka kwa miaka mingi na kasoro moja ya matrekta ya awali. Plau lilikuwa likikokotwa nyuma kama mkokoteni, na ili trekta lipate nguvu ya kulivuta bila magurudumu kuteleza, ilibidi lenyewe liwe zito sana. Plau likinasa kwenye kisiki, trekta liliweza kunyanyuka mbele na kupindukia nyuma, na madereva wengi walikufa hivyo. Ferguson aliliondoa plau kwenye mnyororo akalitundika kwenye mikono mitatu nyuma ya trekta, ikiongozwa na haidroliki. Kwa mpangilio huo, udongo unapolikaba plau, ukinzani wake unageuka kuwa mzigo unaoyakandamiza magurudumu ya nyuma, nayo yanazidi kuuma ardhi. Udongo ukizidi ugumu, haidroliki inalinyanyua plau kidogo, kisha inalishusha tena.

Trekta lake, Ferguson TE20, lilikuwa na uzito wa tani moja na ushei na nguvu za farasi zaidi kidogo ya 20, likafanya kazi ambayo kabla yake ilidai mashine nzito zaidi. Zaidi ya 500,000 yalitengenezwa hadi 1956. Uzao wake, Massey Ferguson 35 na baadaye 135, ulienea kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya na ya wakulima wa Kiafrika pande zote mbili za mpaka wake na Tanganyika. Leo karibu kila trekta linalolima Afrika Mashariki, la India, Pakistan au Uturuki, linabeba zana zake kwa mikono ileile mitatu.

Baada ya uhuru Tanganyika ilirudia swali la ukubwa kwa njia nyingine. Vijiji vya makazi mapya vilivyoanzishwa mapema miaka ya 1960, kama Upper Kitete kwenye nyanda za ngano upande wa Karatu, vilipewa matrekta tangu siku ya kwanza. Huko Usukumani, shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria Federation lilijaribu kuunganisha mashamba ya pamba ya wanachama kuwa mapande makubwa yanayolimwa kwa trekta. Gharama zilipanda kuliko mavuno. Mkulima aliyezoea kulima kwa maksai, bila deni la mtu, alijikuta anadaiwa gharama za kulimiwa. Mwaka 1966 mpango wa makazi yale ya gharama kubwa ulisimamishwa, na Mwalimu Nyerere akawa akisisitiza kwamba nchi itoke kwenye jembe la mkono iende kwanza kwenye plau la kukokotwa na ng'ombe. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifyatua majembe na plau kwa ajili ya safari hiyo. Uganda nako, wataalamu wa shamba la Chuo cha Makerere lililoko Kabanyolo walibuni trekta dogo sana la bei nafuu kwa mkulima wa ekari chache. Halikupata kuenea.

Kuna sehemu moja ambako trekta lilishinda bila mpango wa serikali, nayo ni Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa. Tambarare ile ilifunguliwa kwa kasi katika miaka ya 1950, watu wakihamia kutoka wilaya nyingine kulima mahindi, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa ghala la nchi. Wakulima waliofanikiwa walinunua matrekta ya kati, wakalima yao, kisha wakawalimia majirani kwa malipo ya ekari. Mwenye ekari 5 hakuhitaji kumiliki chochote. Alisubiri zamu yake, akalipa, mvua ikamkuta shamba liko tayari. Isimani ilikuwa na madhambi yake: ardhi ilichoka kwa kulimwa mfululizo bila kupumzishwa, na tofauti ya mwenye trekta na asiye nalo iliingia kwenye ugomvi mkubwa wa ardhi. Lakini kwenye suala la ukubwa, watu wa Isimani walipatia. Walinunua trekta linaloenea kijiji kizima, hawakulipima kwa shamba la mtu mmoja.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Plau la visahani 3 likichukua upana wa mita 1 na trekta likitembea kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kuondoa majani, litalima takriban hekta 0.35 kwa saa. Ekari 5 ni hekta 2. Kwa hiyo mkulima wa ekari 5 anahitaji kulimiwa saa 6 tu kwa mwaka mzima, wakati injini ya dizeli inayotunzwa vizuri inaweza kufanya kazi maelfu ya saa kabla ya kuchoka. Trekta lililonunuliwa kwa ajili ya ekari hizo peke yake litazeekea chini ya mwembe.

Hesabu hiyohiyo hubadilika kabisa ndani ya jaruba la mpunga. Chini kidogo ya mji wa Moshi, kwenye kijiji cha Chekereni na vijiji jirani, Japani ilisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987. Mashamba yalichongwa kwa vipimo vya Kijapani, mita 100 kwa mita 30, yaani hekta 0.3 kila moja, yakizungukwa na matuta na mifereji. Trekta kubwa ndani ya kipande kama hicho linapoteza muda mwingi kwa kugeuza, na likiingia kwenye tope zito linaweza kuzama hadi ekseli. Wajapani walikuwa na jibu kutoka kwao: katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima wao, wengi wakiwa na hekta 1 au chini ya hapo, walinunua kwa mamilioni mashine ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono. Sisi tunaiita pawatila.

Jarubani pawatila iko nyumbani. Maji yameshalainisha udongo, kwa hiyo nguvu za farasi 10 hadi 15 zinatosha kuvuruga na kusawazisha. Magurudumu ya chuma yanaikamata ardhi chini ya tope, na wepesi wake unaiwezesha kuvuka matuta bila kuyabomoa. Mavuno ya Lower Moshi yalifika tani 6 kwa hekta, maajabu kwa mpunga wa Tanzania wa wakati ule, na mashine hiyo ikaendelea kuenea Mbarali, Kilombero na Kyela.

Mafanikio hayo yalizaa kosa jipya. Kilimo Kwanza kilipozinduliwa mwaka 2009, pawatila zilipewa nafasi kubwa kama njia ya haraka na ya bei nafuu ya kumtoa mkulima mdogo kwenye jembe. Halmashauri nyingi zilizinunua na kuzigawa kwa vikundi, zikiwemo za wilaya zisizo na hata jaruba moja. Kwenye udongo mkavu wa kanda ya kati, mashine ya kilo mia kadhaa haina uzito wa kuchimba. Visu vinadunda juu ya ardhi, magurudumu yanateleza, na mikono ya dereva inakufa ganzi. Hata pale inapokubali, inalima ekari 1 kwa saa 4 hivi, na mvua za Dodoma hazimsubiri mtu. Nyingi zilifungwa tela zikawa za kubeba maji, matofali na magunia. Kongwa ilikuwa imeletewa mashine kubwa kupita kiasi. Miaka 60 baadaye vijiji vya ukanda uleule vililetewa ndogo kupita kiasi, na mara zote mbili aliyechagua hakuwa mwenye shamba.

Kipindi hichohicho matrekta ya kati yaliingia pia, Farmtrac na New Holland, kwa mkopo wa India wa dola milioni 40, yakiuzwa kupitia SUMA JKT. Kibaha, ambako Valmet za Finland ziliunganishwa katika miaka ya 1980, palikuja kuunganishwa Ursus za Poland. Lakini linaloonekana zaidi likikatua mashamba ya watu vijijini ni Massey Ferguson 375, la nguvu za farasi 75, linalotengenezwa Pakistan. Siri yake iko mikononi mwa fundi wa kijijini, anayelijua boliti kwa boliti, na kwenye duka la spea ambalo haliko mbali na stendi. Nguvu yake inatosha kuvuta visahani 3 kwenye mfinyanzi. Kwenye ardhi ya kichanga, ambako kila kisahani hakidai nguvu nyingi, trekta la farasi 45 au 50 lingefanya kazi ileile kwa dizeli pungufu.

Kwa mwenye ekari 5 au 10 anayefikiria kununua mwaka huu, au kikundi kinachosubiri mgao wa halmashauri, kazi ya kwanza haiko dukani. Mtafuteni dereva anayelimia watu kijijini kwenu kila msimu. Mwulizeni anafunga visahani vingapi, anatumia lita ngapi za dizeli kwa ekari, na mvua zikianza ana siku ngapi kabla ya watu kuanza kupanda. Mwulizeni pia klachi ilipokufa mara ya mwisho aliipata wapi, na baada ya siku ngapi. Yule dereva ana takwimu ambazo ujumbe wa Wakefield haukuzikusanya. Halmashauri nazo zianzie kwake kabla ya kutangaza zabuni.

Kongwa yenyewe ilipata kazi inayoendana na udongo wake. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa kwa minyororo ya nanga iligeuzwa malisho, na leo iko pale ranchi ya taifa, ikifuga ng'ombe.