Beit al-Ajaib, Mwani na Ngano ya Mashine Mwokozi

Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, shujaa akizidiwa hutokea pete ya ajabu. Akiisugua, mambo yananyooka. Siku hizi ngano hiyo inasimuliwa upya: bahari inapata joto, lakini tusihofu, eti teknolojia itatuokoa. Swali linalotukabili ni hili: katika historia ya Unguja, pete hiyo iliwahi kumwokoa nani?

Tuanze na Aprili 1872. Kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Biashara ilifufuka, lakini si kwa mashine. Ilifufuka kwa jasho la watumwa, kwani utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Miaka 11 baada ya kimbunga, mwaka 1883, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba ambalo baadaye lilitiwa umeme na lifti, watu wakabaki midomo wazi. Ajabu ya mji, basi, ilikaa juu ya mgongo wa shamba. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka.

Sasa tuje pwani ya mashariki. Kilimo cha mwani kilishika mizizi Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kotoni, mwani wenye bei nzuri, haustahimili joto la maji ya kina kifupi. Umebaki zaidi spinosamu, wenye bei ya chini. Wataalamu wakaleta nyavu zilizoshonwa kama mrija, za kupandia kotoni kwenye kina kirefu. Fikra nzuri. Lakini hebu tuulize: mashua ya nani? Na mama ambaye hakufundishwa kuogelea atafikaje huko?

Wapo watakaosema tunapinga maendeleo. La hasha. Mwanamke akifundishwa kuogelea na akiwa na mashua, wavu utamfaa. Tunachopinga ni usimulizi: wavu umefanywa mhusika mkuu, mwanamke amefanywa mandhari. Bei ya mwani haipangi yeye, na joto la bahari hakulileta yeye. Wavu haujibu hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo tukiambiwa tena kwamba teknolojia itatuokoa, tuisome sentensi hiyo kama wahakiki: "sisi" hao ni akina nani, na nani kaachwa ndani ya maji?