Mchujo wa Brooklyn, 1968

Ukitazama ramani ya majimbo ya uchaguzi ya Brooklyn ilivyokuwa katikati ya miaka ya 1960, utastaajabu. Bedford-Stuyvesant, mtaa mkubwa kabisa wa watu weusi katika sehemu ile ya New York, ulikuwa umekatwakatwa vipande, kila kipande kikabandikwa kwenye jimbo la Bunge la Marekani ambalo wengi wa wapigakura wake ni Wazungu. Watu walikuwa tele, lakini mbunge wa kwao hawakuwa naye. Mwaka 1966 mkazi mmoja, Andrew Cooper, alikwenda mahakamani kupinga mgawanyo huo. Kesi zikasikilizwa, mipaka ikachorwa upya, na ilipofika 1968 likapatikana jimbo la 12, Bedford-Stuyvesant ikiwa moyo wake.

Kiti kilikuwa wazi, na ngome ilikuwa ya Democrat. Mtu wa Kisumu au Nyeri hahitaji kufafanuliwa maana yake: anayeshinda mchujo wa chama ameshakanyaga mlango wa Bunge. Mchujo ulipangwa tarehe 18 Juni. Vigogo wa chama wa Brooklyn walikuwa na mtu wao, Seneta wa jimbo William C. Thompson, na mashine yao ilikuwa imezoea kushinda.

Kamati ya wananchi ilikuwa imewahoji wanasiasa kadhaa waliokitamani kiti hicho, ikamteua mwanamke aliyechaguliwa kuingia Bunge la jimbo la New York mwishoni mwa 1964. Huyu ni Shirley Chisholm, mwalimu wa watoto wadogo, mama mwembamba mwenye miwani na ulimi mkali. Baba yake alizaliwa Guyana, mama yake Barbados, na yeye mwenyewe alilelewa miaka kadhaa kwa bibi yake huko Barbados kabla ya kurudi Brooklyn.

Habari zake husimuliwa mara nyingi kana kwamba aliibuka siku moja, akapaza sauti, akashinda. Mimi naona msingi wa ushindi ule ulichimbwa zaidi ya miaka kumi na mitano nyuma, kwenye klabu za chama za mtaani, na waliouchimba hawakuwa watu wa kutajwa magazetini.

Katika klabu ya Democrat ya eneo lake, wanaume walikaa jukwaani, wananchi wakapanga foleni kueleza shida zao: kodi ya nyumba, kazi, mtoto aliyekamatwa na polisi. Wanawake kazi yao ilikuwa kutafuta fedha. Kila mwaka waliandaa tamasha la karata na bahati nasibu, na mapato yake ndiyo yaliyoiendesha klabu. Chisholm alipoanza kuhudhuria alipewa kazi ya kupamba visanduku vya sigara vya kutunzia tiketi na fedha. Alivipamba, tena vizuri. Kisha akaanza kuwauliza wenzake kwa nini watu wanaoileta fedha yote wanaombaomba senti za kuandalia shughuli. Wanaume hawakulipenda swali hilo.

Shule yake ya pili ilikuwa mtu: Wesley Holder, mzaliwa wa Guyana ambaye kila mtu alimwita Mac, fundi wa kampeni aliyeishi kwa ndoto ya kuwapatia watu weusi wa Brooklyn viti vya madaraka. Mwaka 1953 Holder alikusanya watu kumpigania Lewis Flagg awe jaji, na wakashinda. Chisholm alikuwamo katika kundi hilo, akajifunza kubisha hodi na kusoma daftari la wapigakura. Miaka mitano baadaye aligombea uongozi wa kundi hilo dhidi ya Holder huyohuyo. Alishindwa, na kwa miaka wawili hao hawakuelewana. Ulipofika mchujo wa 1968 mzee akarudi, akawa meneja wa kampeni. Watu wa siasa za mtaani wataelewa uzito wake, maana aliyekuangusha jana anazijua nguvu zako na mapengo yako kuliko rafiki anayekusifu.

Fedha hazikuwapo. Chisholm anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mapema kabisa katika kampeni, mama mmoja aliyekuwa akiishi kwa msaada wa serikali alifika nyumbani kwake na bahasha. Ndani yake mlikuwa na dola 9 na senti kadhaa, zote sarafu, alizochanga na wenzake kwenye mchezo wa bingo. Mgombea alilia. Fedha ile haikutosha hata kuchapisha karatasi za siku moja, lakini wanawake waliokwisha kuchanga sarafu zao kwenye meza ya bingo hawakuhitaji kusukumwa siku ya kura.

Kazi yenyewe ilifanyika mwisho wa juma. Msafara wa magari ulitanguliwa na gari la kipaza sauti, ukaingia katikati ya majengo marefu ya nyumba za serikali, ambako mashine ya chama haikuwa na mazoea ya kutia mguu. Chisholm alishika kipaza sauti na kujitangaza kwamba Shirley mpiganaji anapita, kisha akashuka na kuanza kuzungumza na watu. Akikutana na Wapuerto Rico aligeuza lugha, akaongea Kihispania. Huku nyuma wanawake wa kujitolea walitawanyika mlango kwa mlango, wakigawa mifuko ya kubebea vitu vya dukani iliyochapwa jina lake na kauli mbiu ya kampeni, kwamba huyu hanunuliki wala haamrishwi.

Mfuko huo unastahili kutazamwa kidogo. Karatasi ya kampeni mtu huisoma nusu, akaitupa. Mfuko mama anaupeleka sokoni, anarudi nao kwenye basi, anapanda nao ngazi, jirani anauona. Wiki nzima unapiga debe bila kulipwa, na anayeubeba ni mtu anayejulikana katika jengo lake. Sijui kama Thompson, pamoja na vigogo wote nyuma yake, alikuwa na kitu cha kushindana na hicho.

Jioni zilikuwa za mikutano ya sebuleni. Mwenyeji aliwaita majirani, mgombea akaja, chakula kikaandaliwa. Chisholm anakumbuka kwamba kwa watu weusi alikula utumbo wa nguruwe, kwa Wapuerto Rico wali na kuku, kwa Wayahudi mkate wa bageli na samaki. Kila sebule aliondoka na majina ya watu watakaosaidia.

Mwaka ule nao ulikuwa mzito. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili. Tarehe 6 Juni akafariki Robert Kennedy, seneta wa New York aliyekuwa karibu na Bedford-Stuyvesant kwa miradi yake. Mchujo ulifanyika siku 12 baadaye, na wapigakura waliojitokeza walikuwa wachache kwa idadi ya wakazi. Watu wanapokuwa wachache, mwenye majina na wa kuyafuata majina hayo mlangoni ndiye anayefaidi. Chisholm alimshinda Thompson kwa kura kama 800, na mgombea wa tatu, mwanamke pia, akabaki nyuma.

Uchaguzi mkuu ulimkutanisha na James Farmer, mpigania haki mashuhuri aliyebeba bendera ya Republican na chama cha Liberal. Kampeni yake ilisisitiza kwamba jimbo linahitaji sauti ya mwanamume. Holder akafungua daftari. Akagundua kwamba kwa kila mwanamume aliyejiandikisha walikuwapo wanawake zaidi ya wawili. Wakati huo Chisholm alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa uvimbe, lakini alipanda tena gari la kipaza sauti, na mtandao wa vyama vya wanawake ukaamshwa upya. Novemba alipata zaidi ya maradufu ya kura za Farmer, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani.

Mbinu hiyo ilikuwa na kikomo chake. Mwaka 1972 alipowania kuteuliwa kugombea urais, watu wa kujitolea walijitokeza jimbo hadi jimbo, wengine wakagombana wao kwa wao, na hapakuwa na Mac Holder wa nchi nzima. Katika mkutano mkuu wa chama alipata kura 152 za wajumbe. Lakini Juni ya mwaka huohuo kazi ya namna hiyo ilizaa matunda katika sehemu nyingine ya Brooklyn: mwanasheria wa miaka 30, Elizabeth Holtzman, bila fedha nyingi, alizunguka vituo vya treni akiwasalimu wapigakura. Mpinzani wake alikuwa Emanuel Celler, mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, aliyekuwa Bungeni tangu 1923 na hakuona haja ya kufanya kampeni. Alishindwa kwa kura chache, zisizofika elfu moja.