Kidole Kimoja, Nyuzi Sita

Wadau, wiki hii siasa naziweka kando. Nimechoka kuandika nani kasema nini kwenye mkutano gani. Leo naandika habari za kidole changu cha shahada, cha mkono wa kushoto, ambacho kimeniaibisha kwa miezi kadhaa sasa.

Najifunza gitaa. Mwalimu wangu ni mzee wa mtaani kwetu, aliyepiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya shirika moja la umma miaka ya 70 na 80. Jina lake kaniomba nisiliandike, naheshimu.

Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikuwa mteremko. Kodi za E, A, D na G (kodi za muziki jamani, si zile za mapato) unabonyeza nyuzi mbili tatu, zilizobaki unaziacha zilie zenyewe. Nikaanza kuvimba kichwa. Ndipo tukafika F.

Kwa asiyejua, F kamili unailaza shahada ngumi moja juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, halafu kwa vidole vitatu vilivyobaki unapanga umbo lile lile la E. Wapigaji wanaita kodi za baa. Kwangu zilikuwa baa kweli, kama baa la njaa. Nilibonyeza mpaka mkono ukafa ganzi, mlio ukatoka kama mtu anagonga debe.

Nikamuuliza mzee, kwani lazima mtu ajitese hivi? Akanijibu kwa swali: "Mwimbaji akiamka na mafua, sauti haipandi, wewe utamwambia ukumbi urudishe viingilio?"

Hapo nikaingiwa na ile tabia yetu ya kazini ya kuchimba.

Kumbe jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1606 Girolamo Montesardo alichapisha Italia kitabu cha gitaa ambamo kila umbo la kodi lilipewa herufi yake. Baadaye katika karne hiyo hiyo ya 17, wachapishaji wakawa wanaongeza tarakimu juu ya herufi: maana yake, chukua umbo hilo hilo, lipeleke freti ya mbele, kidole kilale badala ya kile kidaraja cha juu ya shingo. Gitaa lenyewe wakati huo lilikuwa na jozi tano za nyuzi, bado halijafikia sita tunazozijua. Umbo moja, sehemu nyingi. Ukijua umbo la E basi F ni freti ya 1, G ya 3, A ya 5, C ya 8. Hesabu imekwisha.

Huku kwetu hadithi ina sura mbili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, Kongo. Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, alidonoa gitaa kavu kwa gumba na shahada tu za mkono wa kulia, lakini ukisikiliza "Masanga" unaweza kuapa wamekaa watu wawili. Mtindo ule unazitegemea sana nyuzi zilizoachwa wazi. Mtu mmoja, gitaa moja, kii anaichagua mwenyewe.

Bendi ni habari nyingine. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Nuta Jazz mwaka 1964. Kwenye bendi kuna waimbaji watatu wenye sauti tofauti, kuna tarumbeta na saksafoni, vyombo ambavyo kwa jinsi vilivyotengenezwa vinapenda kii kama B flati na E flati. Huko nyuzi wazi za gitaa hazikusaidii. Mpiga rizimu asiyejua kodi za baa angebaki anatazama. Tena nyuzi zikiwa zote chini ya vidole, ukilegeza mkono kidogo zinanyamaza papo hapo, ndiyo ule mkato unaowachezesha watu. Magitaa ya umeme nayo yakarahisisha, kwa kuwa nyuzi zake kwa kawaida ni nyembamba na zimelala karibu na shingo.

Basi mzee akanibadilishia dawa. Akaniambia niiache F, nianzie freti ya 5. Pale karibu na kidaraja uzi ni mgumu kuliko mahali pengine, ndiyo maana anayeanza na F anakata tamaa. Akanifundisha kukilaza kidole kiubavu kidogo, upande wenye mfupa, na kuuacha uzito wa mkono uvute badala ya kukaba kwa gumba. Kila wiki tukashuka freti moja.

Jambo moja lilikuwa linanishangaza. Hakuwahi kunishikia gitaa akanionyesha. Alikuwa anaweka kidole chake juu ya changu na kukisukuma. Siku moja nikauliza. Akasema vidole vimekakamaa, havikunji tena. Halafu akaniambia lililonikosesha usingizi: katika miaka yote ile hakuwahi kumiliki gitaa. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, yeye alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Bendi ilipovunjwa, vyombo vilihesabiwa, vikafungiwa stoo, wao wakaenda nyumbani. Zaidi ya miaka ishirini hakugusa gitaa, mpaka nilipoingia uani kwake na hili langu la mtumba.

Jumapili iliyopita F ililia. Nyuzi zote sita. Nikamwamkia upya kwa furaha, "Shikamoo mzee!" Akacheka, "Marahaba mwanangu, sasa twende kazini."

Akanitajia kodi tatu za wimbo alioutunga mwenyewe, ambao bendi yao iliwahi kuupiga ukumbini lakini haukufika Radio Tanzania kurekodiwa. Nikaanza kwenye A, freti ya 5. Akaimba mstari mmoja, sauti ikakwama. Akanyamaza, akatazama chini.

Sikusema kitu. Nikashusha mkono mpaka freti ya 3, maumbo yale yale, nikaanza upya kwenye G. Akaimba wimbo wote, beti zote, macho kafumba.

Simu yangu ilikuwa inarekodi. Anasema zipo nyingine sita kichwani. Kidole kinauma, lakini Jumapili hii nitakuwepo uani kwake saa tisa kamili.

Nanyi wadau, mtaani kwenu yupo mzee wa namna hii? Mwendeeni mapema.