Violezo na Vijenzi: Safari ya Takwimu za Kibati

Takwimu za wagonjwa wa Kibati, kaskazini ya Goma, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo, huandikwa kwanza daftarini, hujumlishwa kila mwisho wa mwezi, kisha hupelekwa ofisi ya zoni ya afya, ambako huingizwa katika DHIS2, programu iliyochaguliwa na Wizara ya Afya ya Kongo kwa taifa zima.

Asili ya programu hiyo ni Afrika Kusini ya baada ya 1994, na toleo lake la mtandao, lililobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, lilianza kutumika Kerala, Uhindi, mwaka 2006. Kenya ikalieneza nchi nzima mwaka 2011. Kurasa zake za awali zilitungwa kwa violezo vya Velocity: seva hukitwaa kiolezo, huzijaza nafasi tupu kwa majina na tarakimu, kisha huupeleka ukurasa uliokwisha kamilika. Njia hiyo ilikuwa na fadhila kwa wenye kompyuta dhaifu, lakini jedwali lile lile liliandikwa upya pahali pengi. Ndipo mafundi walipoelekea kwenye vijenzi vya React, maktaba ya msimbo iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ambamo kitufe huundwa mara moja na kutumiwa popote.

Hawakuyabomoa ya kale kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa kurasa za aina zote mbili zilikaa ndani ya mfumo mmoja, nami naiona hiyo kuwa ni hekima, kwani ofisi ya afya, hasa katika nchi ambayo vita vimewahamisha raia mara kwa mara, haiwezi kusimamisha hesabu zake ili kuwasubiri mafundi.