Taa za kopo na nguo za defile: pesa yetu ilienda wapi?



Katika mkutano uliopita kulitoka mabishano makali juu ya maonyesho. Wamoja walisema zile taa na nguo tulizotengeneza kwa mikono kwa ajili ya defile zipangwe kwenye meza, watu wa Bunia waje kuziona. Wengine wakajibu: ndugu zetu wangali wanalala chini ya bashi, na sisi tunatandika vitenge kwenye meza? Pesa ile si ingelinunua mabati? Ni ulizo la haki. Kabla komite haijakata neno, tuangalie historia kidogo, ju sisi si wa kwanza kuulizwa vile.

Tuanze mbali, pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walianza ngoma iliyoitwa beni. Jina limetoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Walijipanga mistari kama maaskari, na ngoma na tarumbeta, na mavazi ya kufuata majeshi ya Wazungu. Vikundi vilishindana viwili viwili. Mombasa kulikuwa Kingi na Scotchi, na hawa Scotchi walivaa sketi kama maaskari wa Uskoti. Tanganyika majina yaliyosambaa ni Marini na Arinoti. Kila kikundi kilikuwa na mfalme wake, majenerali na madaktari wake, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Vita ya kwanza ya dunia njo ilisogeza beni karibu na sisi. Tarehe 19 Septemba 1916, Force Publique, jeshi la Congo ya Wabelgiji, liliingia Tabora. Nyuma ya maaskari kulikuwa wapagazi, zaidi ya watu 200,000 waliobeba mizigo ya vita ile kwa upande wa Wabelgiji. Wengi hawakuona tena kwao. Katika kambi za vita ile, za Waingereza, za Wadachi na za Wabelgiji, watu wa makabila mengi walikutana, wakasikilizana kwa Kiswahili, wakaona beni. Vita ilipoisha, maaskari na wapagazi waliorudi kwao walirudi nayo. Tushike hilo, wandugu: walioipeleka beni mbali bara ni watu waliokuwa wanarudi nyumbani.

Na hawakuwa na pesa za tarumbeta. Huko Malawi, kando ya ziwa, walikata vibuyu, wakavifunika kwa utando mwembamba, wakapuliza mpaka sauti ikafanana na tarumbeta ya jeshi. Ngoma hiyo inaitwa malipenga, na mpaka leo ingali inachezwa. Mtu akicheka taa zetu za makopo ya mafuta, tumkumbushe vibuyu vya Malawi.

Lakini mavazi yalikuwa ni ya juu tu. Chini yake kulikuwa michango. Mtu wa Marini akifika mji asioujua, aliuliza Marini wa pale ni nani, akapata mahali pa kulala. Akigonjwa, walimwangalia. Akikufa mbali na wazazi wake, walimzika, matanga yakakaliwa kama inavyofaa. Kwetu, katika miaka ya 1920, wafanyakazi wa Elisabethville, leo Lubumbashi, nao walikuwa na vyama vya kusaidiana vyenye vyeo vya kuiga Wazungu. Mtu aliyemwona mwenzake amevaa nguo ya chama alijua: huyu akipatwa na shida, inanihusu.

Wakubwa wa koloni walielewa hilo. Waliogopa watu wanaojipanga wenyewe, wenye wakubwa wao na ndugu katika kila mji. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, waligoma, na kule Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Tume iliyotumwa kuchunguza iliuliza sana juu ya chama cha mbeni, maana wachezaji wake walionekana katika mgomo.

Tusifiche upande mwingine. Beni ilikula mali. Kule pwani vikundi vilishindana kwa karamu na kwa nguo mpaka ikawa ni kuaibishana. Juu ya taa, tuna mfano wa Freetown, Sierra Leone. Tangu miaka ya 1930 watu wa pale wamekuwa wakiandamana usiku katika siku za mwisho za Ramadani na taa za karatasi. Taa zilianza ndogo za kushika mkononi, zikakua mpaka kubebwa na magari, na kuna miaka mashindano yalileta mapigano. Taa haina kosa. Kosa ni pale kila kartie inataka kuizima ya jirani.

Hapo njo tunafika kwetu, Ituri. Kati yetu kuna waliokimbia mwaka 2003, na waliokimbia tena kuanzia Desemba 2017. Wamoja walivuka Ziwa Albert wakafika Kyangwali, Uganda. Wengine walibaki hapa Bunia katika saiti za wadeplase. Siku ya defile tulitembea mchana, taa bila moto, ju usiku wetu bado si wa kutembea ovyo. Taa zile ni makopo, mianzi na utambi wa kitambaa kizee. Nguo zimeshonwa kwa vitenge vya namna moja, na nyingine kwa magunia ya unga wa msaada. Waliozishona walitoka vijiji ambavyo jana havikusalimiana. Mabati yanafunika nyumba moja. Kitenge kile kilitufanya mamia ya watu tutembee barabarani bila mtu kuuliza: huyu ni wa upande gani?

Kwa hiyo tunapendekeza maonyesho yafanyike, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, vitu visipangwe kwa kabila wala kwa teritware, vichanganywe kama tulivyotembea. Pili, kando ya kila nguo iandikwe bei yake, na kando ya bei iandikwe mchango uliotolewa mwaka huo kwa wagonjwa na kwa mazishi. Kama nguo zimepita mazishi, waliotupinga walisema kweli, na mwaka kesho tutashona kidogo. Tatu, kiingilio kiwe franga kidogo, na zote ziende kwenye sanduku la matanga.

Mwenye taa au nguo bado nyumbani ailete kwa mwandishi wa komite kabla ya mkutano ujao. Mwenye kupinga naye aje. Hesabu itasomwa mbele ya wote.